Hedfoni za Mzee Pembeni

Nina roho mbaya. Nalisema mapema ili msomaji asije akahangaika kunitafutia visingizio. Hapa Nyarugusu watu wananijua kwa jambo jingine, kwamba najua sauti. Kibanda changu kimetazamana na makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na kwa miaka saba nimeuza chaja, kava za simu, memori kadi, na zaidi ya vyote hedfoni. Anayeuza hedfoni mbele ya karasha hawezi kumdanganya mtu. Kama haisikiki hapo, haisikiki popote.

Vijana wa maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, wananunua kwa bezi. Anakuja na vumbi hadi kwenye kope, anavaa, anasema weka mziki, ngoma ikigonga anatikisa kichwa na kutoa hela. Akifika anakolala, mama yake akimpigia simu, anamsikia kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Kesho yake yuko kwangu analalamika. Namuuliza, ulinunua ngoma au ulinunua mama? Wenzake wanacheka, naye anaondoka na pipa lake.

Mimi nachagua kwa vitu vitatu nilivyoweka kwenye simu yangu. Kuna mwanamke anayesimulia hadithi kwa sauti ya chini, hapo nasikiliza kama "s" na "sh" zinatofautiana. Kuna kwaya ya kanisani, nasikiliza kama sauti ya nne haiwamezi wale wa sauti ya kwanza. Na kuna mvua juu ya bati, niliirekodi mwenyewe hapa kibandani. Kwenye hedfoni mbovu mvua ile inageuka kuwa mafuta ya kukaangia maandazi. Baada ya hapo naangalia mito ya masikio, naikunja mikono yake mara kumi, nainusa plastiki, naiacha ikipiga kutwa nzima nione chaji inaishia wapi. Za bei nafuu zenye sauti nzuri zipo, ila lazima uzitafute kwa macho makavu. Nikienda Mwanza kwa wa jumla nafungua boksi la ishirini na kuondoka na sita, na yule bwana wa duka ananichukia hadi leo.

Kwa hiyo nilichomuuzia baba wa mwanangu sikukiuza kwa kutojua.

Alinioa kule Mhunze, kwa ng'ombe na heshima zote. Mwaka wa kumi na moja akaleta mwanamke mwingine, siku ya mnada, wakati nimejaa unga mikononi, akaniambia nimpokee mgeni mizigo. Nilimpokea. Niliiweka mizigo yake chini vizuri, nikanawa mikono, nikafunga ya kwangu. Mtoto alibaki kwa bibi yake kwa sababu shule ilikuwa pale, na kwa sababu ng'ombe walishatolewa, na kwetu ng'ombe wakishatolewa mtoto ni wa upande ule. Walokole wa hapa sokoni hupenda kuniuliza kama nimeshasamehe. Nawajibu kwamba bado nasikiliza.

Halafu alikuwa mtu wa kuchelewa. Mwanangu alizaliwa Jumatatu, baba yake akatokea Alhamisi na kilo ya sukari. Harusi ya dada yangu alifika watu wanaosha masufuria. Hata kuniacha alichelewa, maana majirani walishajua mwaka mzima kabla yangu, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kupata habari za ndoa yangu mwenyewe. Nilikuwa nikilala nawaza, mtu huyu siku akifa maiti yake itachelewa kupoa.

Sasa mwanangu alimaliza kidato cha nne akafaulu. Akapata barua ya chuo cha uuguzi. Alinipigia simu akanisomea yote, hadi anwani ya posta na muhuri, akaniambia, "Mama, wamesema nafasi ni yangu nikiripoti na ada ndani ya wiki sita, la sivyo wanampa mwingine." Nikamwambia asome tena. Akasoma. Nikamwambia tena. Watu walidhani napima hedfoni.

Godoro, ndoo, sare na viatu vyeupe nilinunua mimi. Ada, baba yake alisema mbele ya ukoo wake wote kwamba ni ya kwake, na kwamba mtoto wake hasomeshwi na kibanda. Maneno hayo yalinifikia kabla jua halijazama. Hasomeshwi na kibanda. Basi nikakaa kimya. Hela ya ada nilikuwa nayo, na hilo nataka lieleweke vizuri. Niliifunga kwenye kanga, nikaiweka chini ya boksi la chaja, nikasubiri. Nilitaka ahangaike, ashindwe, mwanangu aone kwa macho yake ni mtu wa namna gani, halafu siku ya mwisho mimi nitokee na kanga yangu. Nilikuwa nimeshachagua hadi gauni la kuvaa.

Wiki ya kwanza haijaisha, akaja Nyarugusu. Alikuwa amechukua ditekta kwa mtu wa Kahama, kwa makubaliano ya kugawana watakachopata. Kwa asiyeijua, ditekta ni fimbo yenye sahani chini. Unapita porini unaipepesa kushoto na kulia, na chini kukiwa na dhahabu, au msumari, au kizibo cha soda, inalia. Ikilia bila hedfoni kila mtu anasikia, na ukiwa bado umeinama unakuta watu thelathini na majembe. Kwa hiyo lazima mlio uingie masikioni mwako peke yako. Hedfoni zake za waya zilikuwa zimekatwa na miiba siku ya pili tu.

Na kuna sheria ya hapa ambayo haikuandikwa popote ila kila mtu anaiheshimu: ukipita, umeacha. Mahali ulipoinama ni pako hadi utakapoinuka. Ukishainuka na kusogea, aliye nyuma yako ana haki ya kuchimba, na hakuna mwenyekiti wa mtaa wala askari atakayekusikiliza. Ndiyo maana nyuma ya kila mwenye ditekta kuna watu wanatembea polepole, wakijifanya wanatafuta kuni.

Alikuja asubuhi. Sikuwa nimemwona kwa miaka saba, na nilimjua kwa miguu kabla sijainua uso. Akanisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, nikaitikia kwa kuwa kulikuwa na watu. Kisha nikamwacha asimame. Nikamhudumia kijana wa chaja, nikamhudumia mama wa vocha, nikabandika glasi za simu mbili, na yeye amesimama na kofia mkononi kama mtu wa kuomba kazi. Nilifurahi. Sitaki kusema uongo, nilifurahi sana.

Zamu yake ilipofika akasema, "Nataka hizi za hewani, zisizo na waya. Bei iwe nafuu, sauti iwe nzuri. Ni kwa ajili ya mtoto, mama."

Alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, ya kumtanguliza mtoto akitaka kupunguziwa. Nilishamsikia akimtaja mtoto ili aongezewe mchuzi wa kongoro. Kwa hiyo nikacheka kwa sauti, nikamwuliza kama na ng'ombe wa yule mke wa pili aliwanunua kwa ajili ya mtoto. Waliokuwepo wakacheka na mimi. Yeye akatazama chini akarudia kwamba zimebaki wiki tano.

Nilikuwa na aina mbili ambazo zingemfaa, bei moja. Zote mbili zina kidude cha kuchomeka kwenye ditekta, kinarusha mlio hadi masikioni. Za kwanza zilikuwa nzuri ajabu, nyeusi, laini, mwanamke wangu wa hadithi anakuwa kama amekaa begani. Ila zilikuwa na ugonjwa mmoja. Kufumba na kufumbua, si zaidi, sauti inachelewa kufika. Kwa mziki hujui. Kwa simu hujui. Lakini kwa ditekta, wakati sikio linapata mlio, sahani imeshavuka. Mwenye ditekta mmoja alikuwa amenirudishia miezi miwili nyuma, akazitupa mezani akasema, "Mama, hizi zinasikia jana." Nilimrudishia hela yake, na tangu siku hiyo nikawa nawawekea watu wa ditekta aina ya pili. Hizo zilikuwa mbaya kwa sura, mito imepasuka, sauti nyembamba ya kukwaruza, ila zinafika papo hapo. Zilikuwa chini ya meza, karibu na goti langu.

Alizitazama zile nyeusi kisha akanitazama mimi. Akasema, "Wewe unajua sauti. Nichagulie."

Angezichagua mwenyewe ningelala usingizi. Lakini alisema nichagulie, na mimi nikachagua. Nilimvisha zile nyeusi kwa mikono yangu, nikamwekea kwaya, na uso wake ukafunguka. Alifumba macho. Mtu huyu aliwahi kufanya kazi ya karasha miaka ya ujana wake na masikio yake hayakuwa mazima sana, na nadhani alikuwa na siku nyingi hajasikia wimbo wote kuanzia juu hadi chini. Alipozivua akasema wabeja, asante ya Kisukuma. Katika miaka kumi na moja ya kumpikia sikuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwake kuja kwangu. Nilikasirika kuliko mwanzo. Nilimpa kidude chake na risiti, nikamtakia kazi njema.

Goti langu lilikuwa linagusa zile nyingine muda wote.

Wiki ya pili habari zikaanza kufika kibandani. Kuna mzee mmoja, walisema, mashine yake inalia, anainama, anachimba, hapati kitu. Anaacha shimo, anasogea. Wale wa kuni nyuma yake wanapanua shimo lake kidogo tu, upande mmoja, kiganja kimoja hivi, wanatoa punje. Punje ndogo, za kula siku mbili tatu, lakini punje. Anapoipepesa ditekta kwenda kulia dhahabu inabaki kushoto ya shimo, akienda kushoto inabaki kulia. Walishamsoma. Walijua pa kupanua kwa kuangalia mkono wake ulikuwa unaelekea wapi.

Wakampa jina, Mzee Pembeni. Lilisambaa kwa siku mbili. Mtu akikosa goli mpirani, kapiga Mzee Pembeni. Mwanamke akimpikia mume chakula halafu mume akala kwingine, wanasema nyumba hiyo inachimbwa pembeni. Na yeye mwenyewe wakimwona barabarani walimsalimia kwa adabu zote, shikamoo mzee, huku wamebeba majembe, wanamuuliza kesho anaelekea upande gani. Naye anaitikia marahaba na kuwaelekeza. Alidhani wanamheshimu.

Nami nilicheka. Si kucheka kwa kufuata wengine, nilikuwa naisimulia vizuri kuwashinda. Nilikuwa nasimama katikati ya kibanda, nashika fagio kama ditekta, nainama, nachimba pembeni ya kiatu cha mteja. Watu walikuja kununua vocha za mia tano ili wanione. Mwanangu alikuwa anapiga simu kila Jumapili kuuliza baba anaendeleaje, namjibu kwamba baba yako anajitahidi.

Wiki ya tano, mama mmoja muokota mawe, mtu mzima wa makamo anayejulikana kwa ukimya wake, alichimba kando ya shimo la Mzee Pembeni kwa mpini wa jembe na kutoa kipande kikubwa kama kiungo cha kidole gumba. Kwa hapa hilo si jambo la kila mwezi. Zilipigwa kelele hadi karasha zikazimwa. Niliacha kibanda nikaenda kuona kama wote.

Baba wa mwanangu alikuwa amerudi. Watu walikuwa wamempisha, na amesimama juu ya yale mashimo mawili, lake na la yule mama, yameachana kwa ukuta wa udongo ambao ungeweza kuuvunja kwa kidole. Hedfoni zilikuwa shingoni. Hakugomba. Sheria anaijua, alishapita, alishaacha. Yule mama alikuwa analia kwa furaha na kumwomba radhi kwa wakati mmoja, na yeye akamwambia ni haki yako. Kisha akapiga magoti akapima kwa kiganja, kutoka shimo lake hadi lile jingine. Akapima tena. Kipande kile kingesomesha mtoto hadi akavaa kofia nyeupe, na watu wote pale walijua kwa sababu alishawaambia, wale wa kuni wote alishawaambia habari za binti yake na barua ya chuo.

Siku iliyofuata akaja kwangu. Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimeshaandaa na majibu, mazuri kabisa, ya miaka saba. Lakini hakuja kugomba. Alisimama akasubiri zamu yake, akaweka hedfoni mezani taratibu, akasema, "Nadhani ni masikio yangu. Karasha iliyaharibu. Nasikia vizuri, ila nadhani nasikia vibaya. Huna zenye nguvu zaidi?"

Kibanda kilikuwa na watu wanne. Zile nyingine zilikuwa bado chini ya meza. Zilikuwa zimebaki siku kumi za chuo, siku kumi za kutembea porini na hedfoni zisizochelewa, na sahani ile ilikuwa imeshaonyesha kwamba eneo lile linatoa. Ningeweza kuinama tu. Badala yake nilimtazama, nikaona wale wanne wanangoja niseme kitu, nikasema, "Masikio hayauzwi hapa, baba."

Walicheka hadi mmoja akajishika ukuta. Yeye naye alitabasamu kidogo, kama mtu asiyesikia vizuri anavyotabasamu wengine wakicheka. Akazichukua, akazivaa, akaondoka.

Bado nilikuwa na kanga yangu chini ya boksi, na hilo ndilo lililokuwa likinipa usingizi. Nilijiambia mtoto hataumia, anayeumia ni huyu. Ilipobaki siku mbili nikampigia mwanangu nikijiandaa kujishaua. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, baba amezungumza na chuo, wametuongezea wiki mbili. Sauti yake ilikuwa na furaha. Nikaona basi, ngoja wiki mbili nyingine zipite, aanguke vizuri zaidi. Sikupiga simu chuoni. Namba ilikuwa kwenye ile barua aliyonisomea mara tatu, na sikupiga.

Kumbe hakuna aliyezungumza na mtu. Baba yake alikuwa amepanga kwenda, akaahirisha, akapanga tena, akaona aibu ya kwenda mikono mitupu, akamwambia mtoto neno la kumtuliza. Kama kawaida yake. Nilipofika chuoni siku ya mwisho ya zile wiki mbili, na gauni langu na kanga yangu, mwandishi wa ofisi aliniangalia kwa huruma, akasema nafasi ile ilishachukuliwa siku nane zilizopita, tujaribu mwakani. Nilikaa kwenye benchi la nje. Mabinti wa mwaka wa kwanza walikuwa wanapita na viatu vyeupe.

Mtu wa Kahama akachukua ditekta yake. Baba wa mwanangu akaenda Nkome kubeba na kuanika dagaa, na bado yuko huko, sina habari zake nyingine. Na mwanangu, ambaye nilimtumia nauli aje akae nami tujipange kwa mwakani, alikuja Nyarugusu na begi lake, akanisalimia kwa kupiga goti kama alivyofundishwa na bibi yake, akala, akanawa, akavuka barabara, akaomba kazi karashani. Nilimfuata nikamwambia acha upuuzi, ada ninayo, hii hapa, ya mwakani ninayo. Akasema atailipa mwenyewe. Nilidhani ni hasira za kitoto. Nilijua zitapita ndani ya wiki.

Kazi yake ni kuponda mawe yawe madogo ya kuingia mashineni, na kuchekecha unga wake. Kutwa yuko kwenye ule mlio. Niliona ana kitu kichwani siku ya tatu, na nikazitambua zile hedfoni nyeusi nilipokuwa bado nimeshika chaja ya mteja. Baba yake alimpa kabla hajaenda Nkome. Alimpa pia maelekezo, mwanangu alisema, kwamba akizitaka nyingine aje kwangu kwa sababu mimi najua kuchagua.

Mchana huo alikuja kula kibandani. Alivaa hedfoni, akafungua video kwenye simu, mhubiri sijui au mchekeshaji, na akaacha kutafuna. Akairudisha nyuma. Akaitazama tena kwa karibu. Kisha akavua sikio moja.

"Mama, mdomo unatangulia. Sauti inakuja baadaye."

Nilisema hedfoni nyingi za bei nafuu ziko hivyo. Ni mtoto wa hesabu huyu, nilimwona akiipeleka ile sauti porini, akiiweka kwenye ditekta, akiipepesa kushoto na kulia. Jina la Mzee Pembeni alikuwa ameshalisikia karashani, kuna aliyemwambia bila kujua anamwambia nani. Na nadhani walimwambia na habari za mama wa kibandani anayeigiza kwa fagio.

"Wewe unapima zote kabla hujauza," akasema. "Ulijua?"

Ningeweza kumdanganya. Nimedanganya watu wengi kwa vitu vidogo. Lakini alikuwa amenikazia macho, na ni macho ya baba yake, na mimi nina hasira, na hasira yangu ndiyo huniponza siku zote. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia nilijua, na kwamba hela nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza, na kwamba nilitaka amwone baba yake alivyo. Nilidhani nikilisema lote kwa mkupuo litakuwa jepesi.

Alimaliza ugali wake. Alikusanya vyombo, akaviosha, akavifunika. Akasema, "Ahsante kwa chakula, mama," akavaa hedfoni zake, akavuka barabara.

Hajawahi kunitukana. Hajahama. Kila asubuhi ananipigia goti na shikamoo yake, kila mchana anaosha vyombo. Kanga imekaa pale pale chini ya boksi, nimemwonyesha mara tatu na mara tatu amesema hapana, ataweka ya kwake. Mikono yake imeanza kuwa ya wanaume wa duarani. Zile hedfoni nyingine, za mito iliyopasuka, nilizivunja kwa jiwe nyuma ya choo, na nilijisikia mjinga hata kabla sijamaliza.

Zake zilikufa chaji moja kwa moja mwezi uliopita. Alinipa nizitazame, nikamwambia betri imekwisha, hazitengenezeki, nikampa mpya, nzuri, nilizozipima kwa siku mbili. Alishukuru akaziacha mezani. Bado anavaa zile mfu, za kuzuia kelele tu, anasema. Karasha zikizimwa saa sita kunakuwa kimya hadi unasikia mtu akifungua chupa ya maji ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo namwita aje kula. Namwita kwa jina lake, si kwa sauti kubwa. Ananisikia, najua ananisikia, hakuna kinacholia masikioni mwake. Nyundo yake inasimama kidogo hewani. Kisha, kufumba na kufumbua, si zaidi, ndipo anageuka.